Siku Nne Hadi Mahenge

Bomani, Mahenge
Jumatatu, 9 Julai 1906

Mdogo wangu Verediana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, maana yake ninakula mara moja kwa siku na miguu bado inanibeba. Mnyororo wetu una watu wanane, mimi ni wa tatu. Aliye mbele yangu ni mtu wa Chita, ana kifua, na akikohoa yeye shingo zetu zote zinatikisika.

Barua hii itasomwa kwanza na karani Dionisi. Utamkumbuka, tulikuwa naye misheni, yule aliyekuwa akilia akikosa hesabu. Sasa anavaa viatu. Kila ninaloandika anamtafsiria bwana mkubwa, kwa hiyo ninaandika polepole na kwa mwandiko mzuri ili nisimchoshe.

Shauri langu ni hili. Watu wawili wamesema waliniona chini ya ukuta wa boma alfajiri ya vita, Jumatano ile ya tarehe 30 Agosti mwaka jana. Mimi nimesema sikuwepo. Nimesema Jumatatu, tarehe 28, nilikuwa bado mtoni huko kwenu, nikavushwa na mjomba Raimundi, nikafika huku Alhamisi nikakuta moshi tu. Bwana huyu ni mgeni, ameletwa baada ya vita akitokea upande wa Iringa, na njia yetu hajaipita. Akauliza, kutoka kivuko cha Kilombero hadi hapa ni mwendo wa siku ngapi? Askari wakasema mbili. Wazee wakasema nne. Mimi pia nikasema nne.

Ikiwa ni nne, nimesema kweli. Ikiwa ni mbili, ni kamba shingoni.

Wewe unalo daftari lako, lile la mstari mmoja kila jioni kama masista walivyokufundisha. Tafuta Agosti. Kama uliandika siku niliyovuka, lilete mwenyewe, kwa sababu bwana anasema karatasi bila mtu haina mdomo. Shauri litasikilizwa Jumamosi, tarehe 21.

Kaka yako,
Evaristo


Lipangalala, Ifakara
Alhamisi, 12 Julai 1906

Kaka Evaristo,

Shikamoo. Barua yako tarishi ameileta jana jioni. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara ya tatu nilimsomea mjomba. Mjomba akasema, "Mwambie mtumbwi wangu una ushahidi, ila haujui kusema." Kisha akaenda zake kutazama nyavu, na nilimwona anajifuta uso kwa mkono wenye magamba ya samaki.

Ukurasa upo. Nimeandika hivi: "Jumatatu, 28 Agosti. Kaka Evaristo amevuka saa moja asubuhi. Mto umepungua. Amebeba chumvi mzigo mmoja. Hakugeuka." Sikumbuki kwa nini niliandika hilo la mwisho. Siku zile nilikuwa naandika kila kitu kama mtu anayefunga mlango.

Nimekuwa nikiuliza watu hapa kivukoni, kwa sababu mimi njia ile sijawahi kuipita kwa mguu tangu utotoni nilipobebwa. Niliuliza swali moja na nikapata majibu kama mchanga. Hermenegildi, aliyekuwa pagazi, aliniuliza kwanza, "Umebeba nini?" Nikamwambia sijabeba kitu, nauliza tu. Akasema, "Basi hujaanza kuuliza. Ukiwa na chumvi ni siku nne. Ukiwa na pembe ya ndovu ni tano. Ukiwa na mgonjwa, mwulize mgonjwa. Na ukiwa unakimbizwa, binti yangu, ni mbili, na nusu ya siku inabaki ya kupumua." Watu wakacheka. Wamekonda, lakini bado wanacheka. Tekla, yule anayeuza samaki wakavu, alisema yeye alitumia siku sita kwa sababu kila penye kivuli alikaa.

Hapa njaa imekuwa mtu wa nyumbani. Mchele tunausikia kwa jina tu, unatoka Idete kidogokidogo na kuishia mikononi mwa askari. Tunachimba mizizi. Sikuandikii ili unihurumie, nakuandikia ujue nitakuja nikiwa mwepesi.

Kaka, neno moja. Mama alipofariki huko Mahenge Februari uliniandikia mistari miwili. Hukuniambia ulimkuta katika hali gani ile Alhamisi. Nimelisubiri hilo kwa muda mrefu hata nimechoka kulisubiri.

Mdogo wako,
Verediana


Bomani, Mahenge
Jumamosi, 14 Julai 1906

Verediana,

Marahaba. Barua yako imefika na bwana amesomewa. Dionisi anasema mahali unapomtaja Hermenegildi mwandiko umeharibika, hapasomeki, akaparuka. Mimi niliuona mwandiko wako, nao ni uleule uliokupatia rozari kwa masista. Sasa uwe mwangalifu na mwandiko wako.

Shauri limewahishwa kwa siku moja. Bwana anasafiri Jumamosi, kwa hiyo tutasikilizwa Ijumaa, tarehe 20, tarumbeta ya pili ya asubuhi. Asipokuwepo shahidi, bwana atakata shauri vilevile.

Njoo mwendo wako wa kawaida. Usikimbie. Njia hiyo ni ya siku nne, unanisikia? Nne. Kila mtu anajua hivyo.

Mambo ya mama tutayasema siku tutakapokaa.

Evaristo


Kivukoni
Jumanne, 17 Julai 1906, saa moja asubuhi

Kaka,

Barua yako niliipata jana jioni. Tarishi amesimama ananitazama nimalize. Yeye hana mzigo, na akifika Lupiro atampa mwenzake mfuko, kwa hiyo karatasi hii itanitangulia.

Naondoka sasa hivi. Mjomba ananivusha. Nina daftari, kalamu, kichupa cha wino na mahindi ya kukaanga kiganja kimoja. Ukisoma hii usiwaze, nitawahi. Hata kama njia ni ya siku kumi nitawahi.

Mdogo wako,
Verediana


Bomani, Mahenge
Jumatatu, 23 Julai 1906

Mdogo wangu,

Natumaini umefika nyumbani salama, na kwamba miguu imepata nafuu. Ijumaa niliiona ilivyovimba, lakini hatukuruhusiwa kusemezana.

Ulipotolewa nje, bwana alichukua barua yako ya kivukoni akaiweka mezani, akahesabu kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Akasema, "Msichana hana mzigo, ana haraka, na bado ametumia siku nne." Kisha akahesabu tena kuanzia Jumatatu ya mwaka jana, akafika Alhamisi. Wale watu wawili waliosema waliniona akawaambia macho yao yana njaa.

Kamba imeondolewa. Lakini mtu aliyekuwa njiani siku zile bila cheti hawezi kukosa kosa, kwa hiyo nimepewa miezi sita ya mnyororo. Tunalima barabara mpya, kutoka hapa kushuka hadi mtoni kwenu. Bwana anataka iwe pana na iliyonyooka.

Asante kwa siku nne.

Kaka yako,
Evaristo


Lipangalala, Ifakara
Jumapili, 5 Agosti 1906

Kaka Evaristo,

Shikamoo. Barua hii haipiti bomani. Tekla ameikunja ndani ya tumbo la kambare mkavu, na ameapa atakuuzia huyo na si mwingine. Ukishaisoma ichome, au uile pamoja na samaki.

Sikutumia siku nne.

Nilipovuka nilianza kutembea, na nilipoona hakuna mtu nikaanza kukimbia. Mahindi niliyala nikiwa natembea. Jumanne jua lilipozama nilikuwa nimeshaiacha Lupiro nyuma sana, chini ya mlima. Nililala kwa watu waliojenga kibanda juu ya majivu ya nyumba yao. Hawakuniuliza niendako. Hakuna anayeuliza kitu sasa. Jumatano nilipanda. Kuna mahali unaona bendera ya boma ng'ambo ya bonde, ndogo kama ukucha. Nilifika pale jua likiwa bado juu ya miti. Niliketi chini kwa furaha, kaka, nikatoa kalamu kama ninavyofanya kila jioni, nikaandika: "Jumatano, 18 Julai. Nimefika. Siku mbili."

Nikayasoma niliyoyaandika.

Ndipo nikaelewa kwa nini uliandika "nne" mara mbili katika mstari mmoja. Nilikuwa nimedhani unanihurumia miguu. Nikaiona barua yangu ya kivukoni ikiwa mezani kwa bwana, na tarehe yake, na saa yake, nami nikiingia mlangoni kesho asubuhi nikiwa nimeshika ncha ya kamba ile ile. Haraka yangu ya kukuokoa ndiyo ingekunyonga.

Nilitaka kuung'oa ule ukurasa. Lakini daftari lile nililishona mwenyewe, karatasi zilizokunjwa katikati na uzi mmoja. Ukurasa wa mwisho ni nusu ya karatasi ambayo nusu yake ya kwanza ni Agosti. Ukiung'oa mmoja, mwingine unatoka. Na Agosti ndiyo iliyokuwa mdomo wako. Kufuta pia sikuweza, doa jipya la wino lingeulizwa kabla ya maneno.

Basi nikakaa. Kulikuwa na nyumba isiyo na paa na mboga ya maboga imepanda ukutani, nikala majani. Alhamisi nzima nilikaa humo nikisikia tarumbeta, asubuhi, mchana, jioni. Sijawahi kuchoka kwa kutembea kama nilivyochoka kwa kukaa siku ile. Nilikuwa karibu nawe kiasi cha kuita, na nilikuwa nangoja umbali uishe. Miguu ilivimba kwa sababu ya kuacha kutumika. Ijumaa tarumbeta ya kwanza ilipolia nikanyanyuka.

Nilipokuwa mbele ya bwana uliona kila kitu ila kimoja. Dionisi alipolipokea daftari alilifungua kwa nyuma. Kidole chake kikasimama kwenye mstari ule. Alisoma, kisha akaitazama miguu yangu, kisha akanitazama mimi. Nikamwona yule mtoto anayelia kwa ajili ya hesabu. Halafu akafunua taratibu hadi mwanzo, akasoma Agosti kwa sauti, yote, hata "hakugeuka". Bwana alipotaka kuliona, Dionisi alilishika yeye mwenyewe, kidole gumba juu ya ukurasa, mpaka bwana akatosheka. Aliponirudishia alisema kwa sauti ndogo, "Una mwandiko mbaya, dada." Basi.

Kisha nikaulizwa nimetembea siku ngapi. Nikabusu msalaba nikasema nne.

Sasa nakuuliza mimi, si bwana. Kama mimi nisiye na nguvu, niliyekula mizizi mwezi mzima, niliitembea kwa siku mbili, wewe je? Sitakuchukia. Nataka tu kujua niliapa uongo kwa ajili ya mtu aliyekuwepo au mtu asiyekuwepo. Padre akija ataniuliza dhambi yangu ina ukubwa gani, nami sijui nimjibu nini.

Mdogo wako,
Verediana


Lupiro
Jumapili, 28 Oktoba 1906

Verediana,

Nimechelewa kukujibu. Kwanza sikuwa na karatasi, na baadaye nilikuwa nayo. Tekla amepita mara tatu, na mara mbili nilimwambia sina neno. Mara ya tatu aliniambia, "Wewe mwanaume, samaki wangu wanaoza kwa kukungoja." Basi naandika.

Niliitembea kwa siku mbili.

Chumvi niliificha hapa Lupiro, kwenye kichaka ambacho jana tumekifyeka. Haipo. Nilikuwa nimesikia njiani kwamba watu wa milima yote wanakwenda bomani, na nyumba ya mama ilikuwa chini ya ukuta ule ule. Nikatupa mzigo nikakimbia. Hermenegildi ana akili. Jumanne jioni nilikuwa mlangoni kwa mama. Alikuwa anapepeta mtama. Akasema, "Umefika upesi. Umekula?" Hakuwa mgonjwa wakati ule, hakuogopa chochote. Nilikuwa nimekuja kumtoa, akakataa, akasema nani atamaliza mtama huu. Hivyo ndivyo nilivyomkuta. Ulitaka kulijua.

Alfajiri wakapita. Walikuwa wengi kuliko watu niliowahi kuwaona mahali pamoja. Walifunga mabua ya mtama vichwani, na wamelowa yale maji ya dawa. Nilisimama mlangoni nikawatazama, na wengi nilikuwa nawajua kwa majina. Sikulazimishwa na mtu. Ningependa kukuambia nililazimishwa. Nilichukua bua moja kando ya ungo wa mama, nikaingia katikati yao, nikakimbia hadi chini ya ukuta. Bunduki ile kubwa ilipoanza, wa kulia kwangu akalala, wa kushoto akalala. Mimi sikulala. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, mama akaniosha uso akasema, "Ukiulizwa, umefika Alhamisi." Ni yeye aliyeihesabu njia kwanza, Verediana. Hizi siku nne ni zake.

Kwa hiyo uliapa kwa ajili ya mtu aliyekuwepo. Mwambie padre hivyo, au usimwambie. Mimi nimechoka kuchagua.

Barabara imenyooka. Mtu mzima ataitembea kwa siku mbili bila kuhema. Lakini juzi bwana alikuja kukagua akaamuru ubao uwekwe kila mwisho, unaosema umbali, ili wasafiri wajue. Kwa kuwa najua kuandika, nikapewa brashi. Nikauliza niandike nini. Akanitazama, akasema, "Si wewe na dada yako mnaojua? Andika siku nne." Sikujua kama anacheka. Uso wake haukuonyesha kitu.

Nimeandika. Mbao ni mbili, mmoja utakuja huko kivukoni. Wapagazi wakipita hapa wanaulizana ni mjinga gani aliyeandika hivi. Ninainamisha kichwa na jembe langu. Ubao ukisema mbili, siku hiyo hiyo nitarudishwa mlimani, kwenye kamba. Tafadhali, usiuguse.

Mnyororo unaisha Januari.

Evaristo


Kivukoni, Ifakara
Jumapili, 9 Desemba 1906

Kaka yangu,

Shikamoo. Hii pia inakuja na samaki wa Tekla. Ubao umesimikwa wiki iliyopita, upande wetu, karibu na mtumbwi wa mjomba. Niliujua mwandiko wako kabla sijafika. Herufi zako bado zinaegemea kushoto. Mjomba aliniuliza unasemaje, nikamwambia. Akasema, "Aliyeandika alikuwa amebeba kitu kizito," akaendelea kuziba tundu kwenye mtumbwi wake. Sijui anajua kiasi gani, na sikumwuliza.

Barua yako nimeichoma. Kwa padre nimekwenda. Nilimweleza dhambi yangu bila kumtaja mtu, akanipa sala nyingi, nami nazisali nikiwa natembea, kwa sababu nikikaa siku hizi naisikia tarumbeta.

Sikukasirika. Nilidhani nitakasirika. Nilipofika pale kwenye ungo wa mama nililia kidogo, na baada ya hapo sikuwa na kitu kingine ndani.

Lakini lazima nikuambie la leo, na utanisamehe au hutanisamehe.

Asubuhi alikuja mwanamke, anaitwa Stefania, amebeba mtoto mgongoni na kifuko cha unga. Ana dada yake Mahenge kwa masista, ambako wanasema chakula kinagawiwa. Huku hana mtu tena. Hajui kusoma. Akanionyesha ubao, akauliza, "Dada, unasema mbali kiasi gani?"

Nilikuwa nimejizoeza jibu hilo. Nikamwambia, siku nne.

Akakifungua kifuko akatazama ndani. Hakutazama mto, wala njia, alitazama unga tu, kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Kisha akafunga, akasema, "Basi hautufikishi. Asante, dada." Akageuka na kurudi alikotoka, ambako aliniambia hakuna mtu.

Nilimwacha aende, kaka. Nilihesabu hatua zake. Nilimwacha aende mpaka penye mwembe uliochomwa, nikakuwaza wewe na Januari. Nilikuwa nasikia mwanawe anakohoa.

Halafu nikakimbia. Nilimshika mkono akashtuka, akadhani amekosea kitu. Nikamwambia, "Mbili. Ni siku mbili, mama. Ukianza sasa, kesho jioni utaiona bendera. Ubao ni mwongo."

Pale kivukoni kulikuwa na watu kama kumi wanangoja kuvuka, na askari mmoja amekaa kwenye gogo anakula muwa. Nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa. Askari aliacha kutafuna.

Mjomba alimvusha Stefania kwanza, kabla ya wote. Nilisimama nikawatazama hadi wakafika ng'ambo, akaanza kupanda kwa barabara yako. Imenyooka kweli. Nilimwona kwa muda mrefu sana.

Leo jioni nitaandika mstari wangu kama kawaida. Ukisikia mtu amekuja kukuuliza, mwambie hukuniambia chochote. Kama ni mimi watakayenijia, sasa unajua watafika baada ya siku ngapi.

Mdogo wako,
Verediana